Kalamu ya Bibi Salme: Njama ya Unguja ya 1859

Uasi wa Oktoba 1859 dhidi ya Sayyid Majid bin Said, mtawala wa Unguja, umezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa ndugu watatu na Mwingereza mmoja aliyeingia kati. Majid amekalia kiti, Barghash anakitaka, Thuwaini yuko Maskati anadai urithi wote, na Christopher Rigby, balozi wa Uingereza, anaamua nani abaki na nani aondoke. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaruka sehemu iliyo ngumu kuliko zote katika njama yoyote, nayo ni kazi yenyewe ya kuiendesha. Barua za kuwakusanya masheikh ziliandikwa na nani? Habari zilipitaje kutoka nyumba hadi nyumba katika mji mdogo uliojaa wapelelezi wa mtawala? Na Barghash, askari wakiwa wameizingira nyumba yake, alitokaje? Mtu akiyafuata maswali hayo kwa utulivu anafika kwa Bibi Khole binti Said, na kwa mdogo wake Bibi Salme, msichana wa miaka 15. Ninachodai hapa ni kwamba njama ile ilifika mbali kwa sababu wanawake wa kasri ndio walioiendesha, na ilivunjika pale ilipotoka mikononi mwao ikawa vita ya bunduki shambani.

Kwanza hali ya nyumba ile. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Aliacha watoto 36 walio hai, wote wamezaliwa na masuria. Hapakuwa na mtoto wa mke wa ndoa ambaye kwa nasaba ya mama yake angeweza kuwazidi wenzake, wala hapakuwa na sheria iliyokubaliwa na wote kwamba mkubwa ndiye mrithi. Barghash, aliyekuwa na baba yake merikebuni, aliishusha maiti usiku na kujaribu kuiteka ngome ya mji kabla habari hazijaenea. Hakufanikiwa. Majid akatawala Unguja, Thuwaini akabaki na Oman, na mapema mwaka 1859 Thuwaini akatuma majeshi yake yaje kuichukua Unguja kwa nguvu, yakarudishwa njiani na Waingereza. Kwa hiyo Barghash alipoanza kupanga upya, alikuwa anaingia katika mgogoro ambao tayari ulikuwa na miaka mitatu.

Nyumba ya aina hiyo ina siasa yake. Ndugu wa baba mmoja hufungamana au kutengana kwa kufuata mama zao, nyumba walizolelewa, na dada waliowashika mkono utotoni. Majid alikuwa na Khadduj, dada yake wa tumbo moja. Barghash alikuwa na Meje, wa tumbo moja naye. Wanaume waliweza kukutana barazani na kusalimiana kwa heshima huku wakichukiana, lakini kuvuta watu upande huu au ule, kupima nani ameudhika na nani anayumba, kulifanyika ndani, kwenye vyumba ambavyo mgeni mwanamume hakuruhusiwa kukanyaga. Anayesema wanawake wa Unguja ya karne ya 19 hawakuwa na siasa anaitafuta siasa barazani tu.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Akiwa mtoto alihamishwa pamoja na mama yake kwenda Beit el Watoro, nyumba ya kaka yake Majid, na huko ndiko alikofundishwa mambo ambayo wasichana wengi wa ukoo wake hawakuyapata: kupanda farasi, kupiga bunduki, kucheza upanga. Aliyemfundisha ni Majid mwenyewe. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa sababu ndilo linaloyapa mambo ya 1859 uchungu wake. Msichana aliyeandika barua za kuagiza silaha alikuwa amejifunza kulenga shabaha kwa mkono wa yule yule ambaye silaha zile zilikuwa zinaagizwa dhidi yake.

Elimu yake ya kuandika ilikuja kwa mlango wa nyuma. Katika chuo cha kasri watoto wa kike walisoma Kurani, na hapo ndipo masomo yao yalipokoma. Kuandika kulikuwa kwa wavulana, waliofanyia mazoezi kwenye mfupa wa bega la ngamia uliooshwa ukawa mweupe. Salme aliuchukua mfupa wa namna hiyo kwa siri, akaweka msahafu mbele yake, akawa ananakili herufi moja moja mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana, alilaumiwa sana. Hofu iliyokuwa nyuma ya katazo lile haikuwa ya kipumbavu kwa wale walioliweka. Mwanamke anayesoma hupokea maneno ya wengine, na mwanamke anayeandika anaweza kupeleka maneno yake nje ya ukuta bila mtu kujua. Waliokataza kuandika walikuwa wamekwisha kufahamu kile ambacho 1859 ilikuja kukithibitisha.

Katazo hilo, hata hivyo, tusilitandaze pwani nzima. Mnamo 1858, mwaka mmoja tu kabla ya njama, Mwana Kupona wa Siu, mjane wa Bwana Mataka aliyepigana na majeshi ya Sayyid Said, alitunga utendi wake maarufu kwa ajili ya binti yake. Waungwana wa Pate na Lamu walikuwa na wanawake watunzi, na tungo zao zilinakiliwa na kupokewa kwa heshima. Katazo ambalo Salme alilivunja lilikuwa la kasri la Unguja na la tabaka lake, na huenda ndiyo sababu liliweza kuvunjwa: nje ya kuta zile maisha yalikuwa tayari yanaonyesha kwamba mwanamke mwenye kalamu haiangushi dunia. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilikuja kufunguliwa Unguja mwaka 1927 tu. Kati ya mfupa ule wa ngamia na shule hiyo kuna zaidi ya miaka 70, na kalamu ya Salme inastahili kupimwa kwa urefu huo.

Baba alipofariki, Salme, mwenye miaka 12, alihesabiwa mtu mzima na kupewa urithi wake wa mashamba na fedha. Mwaka 1859 kipindupindu kilimchukua mama yake. Alibaki tajiri, yatima, na mtu wa mapenzi makubwa kwa wale waliokuwa karibu naye, na aliyekuwa karibu kuliko wote ni Khole, binti wa Said aliyesifiwa uzuri mjini kote. Khole alikuwa upande wa Barghash kwa moyo wote. Salme alimpenda Majid, na anakiri katika kitabu chake kwamba Majid hakumtendea ubaya wowote. Aliyumba kwa muda, akijaribu kubaki na wote wawili, na mwisho alimfuata dada yake. Hakuna madai ya haki katika uamuzi huo. Hakuamini kwamba Barghash angetawala vizuri zaidi, wala hakuonewa. Alichagua mapenzi dhidi ya shukrani, akiwa na miaka 15, na akaishi kujuta. Kosa hili ndilo linalomfanya awe mtu tunayeweza kumwelewa. Shujaa asiye na doa angetuambia machache kuhusu namna nyumba ile ilivyowavuta watu wake.

Mara alipoingia, thamani yake ilionekana. Njama inahitaji barua, na barua inahitaji karani. Karani wa kulipwa ana bei, na aliyemnunua jana anaweza kuzidiwa dau leo. Karani wa kiume wa familia hutoka, huonekana barazani, hukutana na watu, na akikaa chumbani siku nyingi watu huuliza anaandika nini. Binti wa kifalme ambaye kila mtu mjini anajua kwamba mabinti wa kifalme hawaandiki hana mashaka ya namna hiyo juu yake. Alikaa ndani, kama ilivyotarajiwa, na huko ndani akawa mwandishi mkuu wa kundi lote. Barua kwa masheikh waliokuwa na kinyongo na Majid, barua za kuagiza bunduki na risasi, zilitoka mkononi mwake. Desturi iliyokuwa imekusudiwa kumnyima kalamu ilimfichia kalamu hiyo. Sijui njama nyingine katika historia ya pwani yetu iliyokuwa na karani aliyefichwa vizuri hivyo.

Vivyo hivyo na kutoka nje kwa wanawake. Mabibi wa ukoo wa kifalme hawakutembea mchana. Walitembeleana usiku, wamejifunika shela, wakiongozana na wajakazi na watumwa wenye taa na silaha. Msafara wa wanawake usiku wa manane ulikuwa jambo la kila siku mjini, na adabu ilimtaka mwanamume apishe njia na kuinamisha macho. Kwa watu waliotaka kukutana bila kuonekana, hiyo ilikuwa ruhusa iliyokwisha kutolewa na mji mzima. Mipango ilipangwa, habari zikapitishwa, na upelelezi wa Majid ukabaki kuhesabu nani ameingia na nani ametoka kwenye nyumba ya Barghash bila kuweza kuuliza chochote kwenye nyumba za dada zake.

Majid alipokuwa na hakika kwamba kuna hila, aliizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Ndani walikuwamo Barghash, Meje, na ndugu yao mdogo Abdulaziz, mvulana wa kama miaka 12 aliyekataa kumwacha kaka yake. Waasi walikuwa wamekwisha kuchagua mahali pa kusimama, nalo lilikuwa shamba la Marseilles, mali ya mabinti wawili wa marehemu Khalid bin Said, Shambua na Farshu, ambao nao walikuwa katika njama. Khalid ndiye aliyelipa jina hilo kwa kupenda kwake mambo ya Wafaransa. Lilikuwa na nyumba imara na kuta nene, silaha zilikuwa zimekwisha kupelekwa huko, na watu walikuwa wanakusanyika. Kilichokosekana ni kiongozi mwenyewe, aliyefungiwa mjini.

Usiku ule Khole na Salme walitoka na msafara wa wanawake wakaenda moja kwa moja hadi kwenye mlango uliolindwa. Askari wakawazuia. Hapo wakafanya jambo ambalo mabinti wa Sayyid Said hawakutarajiwa kulifanya kamwe: walijitokeza mbele, wakajitaja majina, wakasema na wakubwa wa ulinzi kwa vinywa vyao wenyewe. Wanaume wale walishtuka mno. Kusikia sauti ya binti wa mfalme, akisema nawe uso kwa uso barabarani, kulikuwa nje ya kila walichofundishwa, na hawakuwa na amri ya kuwaelekeza. Mabibi wanataka kuonana na kaka yao na dada yao. Nani angethubutu kuwasukuma? Waliruhusiwa kuingia kwa muda mfupi.

Ndani, shida ilikuwa Barghash. Alikuwa mtu wa fahari kubwa, na kuambiwa avae nguo za kike mbele ya wajakazi kulimchoma. Alibembelezwa mpaka akakubali. Wakamfunika shela hata yakabaki macho tu, Abdulaziz naye akafunikwa, wakachaguliwa wanawake warefu kuliko wote katika msafara watembee kando ya Barghash ili kimo chake kisimfichue. Wakatoka polepole, kwa mwendo wa mabibi wanaorudi nyumbani, na askari wakawapisha kwa heshima zote. Walipofika nje ya mji Barghash alivua shela, akaagana nao, akapotea gizani kuelekea Marseilles. Ulinzi mzima wa Majid ulikuwa umevukwa bila risasi hata moja kufyatuliwa na bila senti ya rushwa. Majid alikuwa ameuandaa dhidi ya wanaume wenye silaha, na dhidi ya adabu hakuwa na la kufanya.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya wanaume, na hayakuchukua siku nyingi. Majid aliondoka mjini na maelfu ya askari, Rigby akampa msaada wa mabaharia na mizinga kutoka manowari za Kiingereza, na Marseilles ikapigwa. Watu wengi walikufa. Barghash aliyekuwa amekataa kushindwa alitoroka tena usiku na kurudi kujificha katika nyumba ile ile ya mjini aliyokuwa ametolewa kwa taabu. Safari hii waliokuja mlangoni walikuwa Waingereza, ambao hawakuwa na sababu ya kuinamisha macho kwa ajili ya shela ya mtu yeyote. Nyumba ilipigwa risasi, Barghash akajisalimisha, akapelekwa Bombay pamoja na Abdulaziz, wakakaa huko miaka kama miwili.

Msomaji makini atauliza tunayajuaje haya ya usiku na shela. Sehemu kubwa tunaijua kutoka kwa Salme mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizotoka Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886, miaka 27 baada ya matukio, zikiandikwa na mwanamke aliyekuwa akidai urithi wake kwa Barghash huyo huyo, ambaye sasa alikuwa Sultani. Hakika alikuwa na sababu ya kumchora vibaya, na anamchora vibaya mara nyingi. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Lakini tuangalie linagusa wapi. Linagusa hukumu zake juu ya tabia ya Barghash, na huko inafaa kumsoma kwa tahadhari. Halifikii kwa urahisi yale anayoyasema juu yake mwenyewe, kwa sababu hayo yote yanamwumiza. Mwombaji wa urithi hana faida ya kutangaza kwamba aliwahi kuandika barua za kumpindua kaka aliyemlea, wala ya kuwakumbusha jamaa zake kwamba mkono wake umo katika vifo vya Marseilles. Mambo makuu, yaani kuzingirwa kwa nyumba, vita ya shambani, kujisalimisha na uhamisho wa Bombay, yamo katika kumbukumbu za Waingereza pia, na hayapingani na yake. Zaidi ya hayo, kitabu kilitoka Barghash akiwa hai, na wengi wa walioyaona wakiwa hai. Mtu anayetunga uongo huchagua wakati ambao mashahidi wamekwisha kuzikwa.

Pingamizi la pili ni la kisiasa zaidi, na linatoka kwa wanaoujua vizuri ukoo wa Al Harthi. Wanasema nguvu ya uasi ilikuwa kwa Al Harthi. Hao walikuwa Unguja kabla ya Albusaidi, ukoo wa Sayyid Said, kuweka makao, walikuwa na watu, mali na kinyongo cha muda mrefu, na bila bunduki zao Barghash angekuwa mtoto wa mfalme mwenye hasira tu. Kwa maoni hayo wanawake wa kasri walikuwa vyombo, wakitumiwa na wanaume wenye hesabu kubwa zaidi. Nusu ya hoja hii naikubali. Al Harthi walileta nguvu. Ila nguvu na kinyongo vyao vilikuwapo miaka yote ya Sayyid Said bila kuzaa uasi kama huu ndani ya mji. Kilichobadilika 1859 ni kwamba kulikuwa na njia salama ya kuwaunganisha wao na mwana wa mfalme aliyekuwa akitazamwa kila saa, na njia hiyo ilipita katika vyumba vya Khole na kalamu ya Salme. Shamba la kupigania lilikuwa la wanawake wawili. Mtoroshaji wa kiongozi alikuwa mwanamke. Chombo hakichagui upande, na Salme alikaa muda akichagua. Khole naye hakutumwa na mtu. Yeye ndiye aliyewatuma wengine.

Kuna wanaosema, tena kwa haki, kwamba upole wa Majid ndio uliowafanya wanawake hawa waonekane hodari. Angewazingira nao, au angewafunga, njama ingekwisha siku ile ile. Ni kweli kwamba Majid alikuwa mpole, na baada ya yote hakuwaadhibu dada zake, ingawa mji ulimtaka awaadhibu. Lakini upole huo una mipaka inayosema jambo. Masheikh waliokamatwa hawakuachiliwa kwa urahisi hivyo, na Barghash alifukuzwa nchi. Aliyesamehewa kabisa ni yule ambaye sheria na siasa ya wakati ule havikuwa na mahali pa kumhesabu. Kumshtaki Salme kungekuwa kukiri hadharani kwamba kiti cha Unguja kilitikiswa na msichana mwenye kalamu. Msamaha ulikuwa rahisi zaidi kwa heshima ya kiti kuliko kesi. Kwa njia hiyo huruma ya Majid, ambayo ilikuwa ya kweli, ilisaidia pia kulifuta jina la Salme katika hesabu ya uasi, na sisi tumeipokea hesabu hiyo bila kuikagua.

Pingamizi ambalo sina jibu la kulimaliza ni la watumwa. Ujanja wote niliousifu hapa ulibebwa vichwani na migongoni mwa watu ambao hawakuulizwa. Waliopeleka barua, waliobeba vyakula na risasi gizani, wanawake warefu waliotembea kando ya Barghash mbele ya midomo ya bunduki, wengi wa waliokufa Marseilles: hao walikuwa mali ya watu fulani. Salme aliwasikitikia waliokufa, lakini katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa wa kwao mbele ya wasomaji wa Ulaya, akisema Wazungu hawauelewi. Hapo simtetei. Aliona kwa ukali mkubwa ukuta uliomzuia yeye kuandika, na hakuuona ukuta uliokuwa umewazunguka wale waliompelekea barua zake. Mwanamke wa msafara ule angegunduliwa, Salme angekaripiwa na Majid, na mjakazi angelipa kwa mwili wake. Majina yao hayamo katika kitabu, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuyaandika.

Njama ilishindwa, na matokeo ya kushindwa kwake yaliizidi Unguja. Majid alibaki kwenye kiti kwa msaada wa mizinga ya Kiingereza, na mji wote uliona. Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, alitoa hukumu iliyoitenga Unguja na Maskati, Majid akitakiwa kumlipa Thuwaini reale 40,000 kila mwaka. Tangu hapo swali la nani atawale Unguja lilikuwa na mlango wa ubalozi ndani yake. Barghash mwenyewe aliporithi kiti mwaka 1870 alikuwa ameujua mlango huo kwa gharama kubwa, na mwaka 1873 alilazimika kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini huku manowari zikimngoja. Wako wanaosema Waingereza wangeingia tu, njama au bila njama. Pengine. Lakini dola huingia kwa kupitia ufa fulani, na ufa wa 1859 ulichimbwa na ndugu wenyewe, Salme akiwa mmoja wao.

Yeye alilipa kwa vipande. Alijiondoa mjini akakaa mashambani, Kizimbani kisha Bububu ufukweni. Majid alipomwomba nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Kiingereza, alikubali, wakapatana, na kwa kitendo hicho Khole na watu wa Barghash wakamtenga. Aliyemwacha Majid kwa ajili ya Khole akampoteza Khole kwa kumrudia Majid. Katika upweke huo alirudi mjini akaishi jirani na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mimba ilipoonekana, alipelekwa kwa siri hadi kwenye manowari ya Kiingereza Highflyer mwezi Agosti 1866, msaidizi wake akiwa mke wa Dk. Seward wa ubalozi. Mwaka uliofuata huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mume alifariki Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo.

Na siasa aliyoijua akiwa na miaka 15 ilimfuata, safari hii yeye akiwa ndiye anayebebwa. Mwaka 1875 Barghash alikuwa mgeni wa serikali London. Salme alikwenda huko kutafuta suluhu, na mwanadiplomasia wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, akamshawishi asimkaribie kaka yake kwa ahadi ya kuwatunza watoto wake, ahadi ambayo haikutimizwa. Mwaka 1885 Bismarck alimpeleka Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, madai ya urithi wake yakiwa kisingizio kizuri wakati Ujerumani ikimbana Barghash juu ya ardhi za bara. Barghash alikubali masharti ya Wajerumani juu ya bara na akakataa kabisa kumwona dada yake. Bandarini watu walimwita na kumsalimu, wengi wakikumbuka nani alikuwa. Alirudi tena mwaka 1888, mwaka aliokufa Barghash, na hakupewa chochote. Aliishi miaka mingi Beirut, akafia Jena mwaka 1924, na akazikwa Hamburg katika kaburi la familia ya mumewe. Barghash aliyetolewa nje ya mlango uliolindwa kwa shela na sauti ya dada zake hakupatana naye tena mpaka kufa kwake.